Kitenge Tulichomtandikia Mwalimu

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Daftari hili ni amri ya Mwalimu Chomba. Leo asubuhi ametuambia sisi wa mwaka wa pili, watu ishirini na wanne wa Kiingereza, kwamba kila mmoja aandike maisha yake mpaka mvua zitakapokwisha, kwa lugha ya nyumbani kwao, na yeye hatasoma. Donat, mkubwa wa vijana wa chama darasani kwetu, mtu asiyeweza kunyamaza dakika tano, akauliza kwa nini isiwe kwa Kiingereza. Mwalimu akamjibu, "Juu kwa Kiingereza hauna bado na kitu ya kuficha." Tukacheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta.

Basi naandika kwa Kiswahili cha baba yangu, Abibu fundi cherehani. Babu yake alitoka pwani akapitia Maniema, na mpaka leo Baba akisikia mtu anasema "bantu banakuja" badala ya "watu wanakuja" anakunja uso. Hapa mtaani kwetu Bel-Air uso wake haukunjuki. Mimi mdomoni nasema kama watu wote wa Lubumbashi, ila nikishika kalamu namwona Baba amesimama nyuma yangu. Nyumbani naitwa Alima. Chuoni ni Citoyenne, yaani Raia, Mawazo, maana majina ya kigeni yamekatazwa, na Donat kwenye orodha si Donat kabisa. Humu nitamwita nipendavyo.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumanne, 11 Novemba

Vitabu vya Kiingereza vilivyobaki chuoni ni viwili, na kimoja kimenyofolewa katikati. Mwalimu Chomba akasema basi twende stesheni. Tumetembea wote ishirini na wanne kwa miguu kusoma mabehewa yaliyotoka Zambia kupitia Sakania: uzito, tarehe, vitu visivyotakiwa kupakiwa. Mlinzi alikuja kutufukuza. Baada ya robo saa alikuwa anamshikia Mwalimu mwavuli na kurudia maneno pamoja nasi, tena kwa sauti kuliko Donat.

Kwenye sanduku moja paliandikwa kwamba lisiangushwe. Mwalimu akauliza kama hiyo ni amri au ni ombi. Kila mtu akasema amri. Akanigeukia. "Citoyenne Mawazo, weye unaonaje?"

Nikasema ni ombi, kwa sababu aliyeandika hayupo, hana fimbo, hawezi hata kuona.

Akatoa kijitabu chake mfukoni akaandika nilichosema. Nimekaa shule miaka kumi na tano na hakuna mtu aliyewahi kuandika neno langu. Nimerudi nyumbani njia nzima bila kuhisi mvua, na Mama ameniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 24 Novemba

Miaka kumi ya utawala wa Kiongozi wetu. Tumefanya mazoezi ya kucheza na kuimba wiki tatu, na leo tumesimama juani tangu saa moja mpaka saa tisa. Kila mwanamke wa chuo, na kila mke wa mwalimu, amepewa kitenge chenye picha ya Kiongozi. Uso wake mmoja unakaa kifuani na mwingine, Mungu anisamehe, pale tunapokalia.

Mkubwa wa mkoa alipofika, wanawake wa soko walimtandikia vitenge vyao barabarani apite juu, ndivyo tunavyopokea mtu wa heshima huku kwetu. Walitandika vya maua, vya ndege, vya samaki. Cha picha hakitandikwi, hilo hata mtoto analijua.

Mwalimu Chomba alipiga makofi nje ya mdundo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sidhani alikuwa anafanya makusudi. Ndivyo alivyo.

Jumanne, 9 Desemba

Mwalimu amekuja kwetu. Abacost yake, ile suti isiyovaliwa tai, ni moja tu, na kola imechakaa, akataka Baba aigeuze. Amekaa kwenye kigoda saa nzima. Amesema kwao Kilwa, ile ya ziwani si ya pwani, baba yake alikuwa anawauzia samaki watu wa ng'ambo ya ziwa, wale wa upande wa Waingereza, na yeye akiwa mdogo alijifunza Kiingereza kwa kubishania bei.

Baba akamuuliza, "Huyu binti yangu anasoma kweli, au anajaza benchi tu?"

"Mzee Abibu, huyu atafundisha kunipita miye."

Alisema hivyo akiwa anatafuta kifungo kilichoanguka chini ya cherehani, bila kuniangalia, kama mtu anayesema kwamba kesho ni Jumatano. Nilikwenda jikoni nikasimama tu mbele ya sufuria.

Alipoondoka Baba akasema, "Mtu mwema sana. Tena anasema sana." Baba ni mwoga, siku zote nimesema.

Alhamisi, 25 Desemba

Siku hii si sikukuu tena tangu mwaka jana, kwa hiyo tumesoma. Donat na Wakristo wengine wamevaa mashati yaliyopigwa pasi na hakuna aliyesema lolote. Hata Mwalimu.

Alhamisi, 22 Januari 1976

Mwalimu Chomba amelazwa, homa ya matumbo. Mkurugenzi wa chuo hakumtuma mtu wa kushika nafasi yake. Tunakaa, tunaangalia ubao. Leo Donat amechukua chaki akaanza kutusomesha mwenyewe, anakosea ovyo, nami namsahihisha. Rafiki yangu Régine anasema tunafaa kuoana. Nimempiga na daftari.

Jumatano, 4 Februari

Mvua. Mwalimu bado.

Jumatano, 11 Februari

Anarudi kesho! Régine ameleta habari kutoka kwa Annie, mke wa Mwalimu, ambaye ni mkunga kwenye zahanati karibu na kwao. Tulikaa barazani kushauriana tumpe nini mtu aliyetufundisha bila vitabu. Hakuna mwenye kitu. Régine akasema, "Tumutandikie bitenge, sawa vile banafanya na bakubwa." Kabla hajamaliza nilikuwa nimesema ndiyo.

Alhamisi, 12 Februari

Nitaandika yote.

Mvua ilinyesha ya rasharasha tangu asubuhi. Tulitandika vitenge kuanzia lango mpaka ngazi ya darasa letu, kumi na kimoja. Vikaisha. Pakabaki hatua mbili za tope, palepale mlangoni. Nami kwenye mkoba nilikuwa na kile cha Novemba Ishirini na Nne, kwa sababu Alhamisi mchana tuna mazoezi ya nyimbo za chama.

Nikakitoa. Nikakigeuza, upande wa chapa chini, upande wa nyuma juu. Nikaangalia vizuri. Ulikuwa mweupe, una ukungu tu wa rangi, hujui kama ni maua au mtu. Régine akaniuliza, "Ile haiko ya picha?" Nikamwambia nimeigeuza. "Ah, bon," akasema, akaendelea kunyoosha chake.

Mwalimu akaja. Maskini, amekonda, abacost inamning'inia, Annie amemshika mkono. Nikaanza wimbo wa harusi wa bibi yangu nikiweka jina lake mahali pa bwana harusi, na wote wakaitikia. Alipoona vitenge alisimama akafunika uso kwa mikono. "Hapana," akasema, "miye ni mutoto ya muvuvi, batoto yangu, ondosheni bile bitu." Alikuwa analia na kucheka. Wavulana wakamsukuma pole pole mgongoni. Akavua viatu. Akapita juu ya vitenge vyetu peku, viatu mkononi, Annie nyuma yake akipiga vigelegele. Sijawahi kuwa na furaha vile, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kitenge cha mwisho kilikuwa kimelowa. Nguo ikilowa chapa inatoka upande wa pili. Mimi ni binti wa fundi cherehani, nguo nimezijua kabla sijajua kusoma, na sikulifikiria hilo. Uso ulikuwa umetokea wote, kofia, miwani, tabasamu. Mguu wa Mwalimu ulikuwa shavuni.

Wimbo ukafa. Mwalimu akatazama chini. Akainua mguu, akakosa mahali pa kuuweka, akabaki amesimama kwa mguu mmoja huku Annie amemshika. Mkurugenzi alikuwa dirishani kwake. Donat akaruka, akakikunja kile kitenge upesi, akakitia ndani ya shati lake, akasema kwa nguvu, "Bon, masomo!" Tukaingia darasani. Mwalimu akatufundisha saa nzima, na sauti yake ilikuwa ya kawaida.

Ijumaa, 13 Februari

Mwalimu amefundisha. Donat haniangalii usoni. Kitenge changu bado anacho. Kwa nini hajanirudishia?

Jumatatu, 16 Februari

Wamemchukua. Saa tatu, gari la usalama, watu wawili wenye heshima zao. Waligonga mlango wa darasa, wakasubiri amalize sentensi. Akaweka chaki mahali pake. Akatuambia tuendelee na zoezi lililoandikwa ubaoni.

Mkurugenzi akatuita uwanjani. Anasema Citoyen Chomba amejitandikia uso wa Kiongozi wa taifa mlangoni akaukanyaga mbele ya wanafunzi, na kwamba si ajabu kwa mtu aliyejifunzia Kiingereza ng'ambo. Anataka kujua kitenge kilikuwa cha nani. Tulisimama wote ishirini na watatu, kwa sababu Donat hayupo leo. Nimeelewa. Amewapelekea kitenge, na sasa anakula nao. Mbwa.

Sikusema. Kesho nitakwenda mwenyewe kule wanakomweka, niseme ni changu.

Jumanne, 17 Februari

Nimemwambia Baba. Ameacha cherehani. Akafunga mlango na kunishika mabega. "Ukienda, hawatamtoa yeye. Watakuwa na wawili." Nikamwambia yeye ni mwoga. Akasema, "Ndiyo, mwanangu." Kesho nitakwenda.

Jumatano, 18 Februari

Mvua kubwa. Sikuenda.

Alhamisi, 19 Februari

Kesho.

Jumamosi, 21 Februari

Annie anapeleka chakula kila siku mchana, bakuli limefungwa kwa kitambaa cheupe. Nimemwona akipita. Nilijificha nyuma ya kibanda cha mikate. Mimi, niliyeimba.

Jumatatu, 23 Februari

Nimeamka na homa, au nimejipa homa. Kesho.

Jumatano, 25 Februari

Nimekwenda. Nilivaa vizuri, nikaaga Mama kama ninakwenda chuoni, nikafika mpaka langoni kwao. Askari akaniuliza, "Unatafuta nani, mama?"

Nikamuuliza saa.

Akatazama mkono wake akaniambia ni saa nne na nusu. Nikasema aksanti. Nikaondoka. Bado sijarudi kule.

Ijumaa, 27 Februari

Sikuenda.

Jumamosi, 28 Februari

Mkurugenzi ametuita tena uwanjani. "Mwenye kitenge amejulikana. Kila muntu arudie masomo yake." Hakutaja jina. Nimerudi nyumbani nikamwambia Baba, naye akaniandalia mfuko wa nguo za kubadili na kanzu yake nzito kwa ajili ya baridi ya sakafu. Tumekaa sebuleni tukiwasubiri mpaka magharibi. Hawakuja.

Jumanne, 2 Machi

Bado hawajaja. Kwa nini hawaji? Kila gari likipunguza mwendo mtaani, Baba anasimamisha cherehani.

Nimekwenda kwa Annie na sufuria ya sombe, kisamvu cha huku kwetu. Mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani yake anasema Annie alichukuliwa Jumamosi, akakaa siku mbili, jana akarudi, akafukuzwa kazi ya ukunga, na leo alfajiri amepanda treni ya Sakania na watoto. Nikauliza kwa nini walimchukua. Jirani akasema hajui, na akaingia ndani. Nimerudi na sombe yangu.

Jumamosi, 13 Machi

Maulidi. Wameniomba niimbe. Nimesema koo linauma.

Jumatano, 24 Machi

Donat amerudi. Sikumjua mara moja. Meno mawili ya mbele hayapo, na anakaa benchi la nyuma kabisa. Nilimfuata wakati wa mapumziko nikiwa nimeandaa maneno makali niliyoyakusanya wiki tano. Akaniwahi. "Kitenge yako banaikuta kwetu, chini ya kitanda. Nilitaka kuifua kwanza, kiisha nikurudishie. Nilisema nimeiokota. Banapiga, nasema nimeiokota."

"Weye haukusema ni yangu?"

"Niseme ya nini?" Akashangaa kweli, na kile kinywa chake.

Nikamuuliza basi nani aliwaambia. Akaniomba nisilie. Ni Régine, hayo aliyasikia kwa waliokuwa wanampiga. Jioni ile ya Alhamisi alisimulia mezani kwao kama kichekesho, namna Mwalimu alivyobaki na mguu juu. Mjomba wake yuko ofisi ya chama. Mjomba alicheka pamoja nao, akamaliza sahani yake ya bukari, kesho yake akaandika barua. Régine hakutaja jina langu, na hakudhani kichekesho chake kingefika mbali. Nilitaka kumchukia, lakini leo amegawa karanga zake nami kama siku zote, nami nikala.

Na Donat niliyemwita mbwa, nimemwita hivyo humu kwa wino. Sitalifuta.

Alhamisi, 8 Aprili

Mvua zinapungua. Watu wanasema Mwalimu ametoka. Siamini kitu.

Jumanne, 20 Aprili

Ni kweli, amerudi! Wamemrudishia darasa. Nilikimbia kutoka lango mpaka mlangoni nikakuta wenzangu wamekwisha kaa, kimya, mikono juu ya meza. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa.

Ametuandikisha imla, hotuba ya chama iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Sentensi, kituo. Sentensi, kituo. Kulikuwa na neno ambalo lingeweza kuwa na maana mbili, nikanyoosha mkono kama zamani. Akaniona. "Andika tu, Citoyenne," akasema, akaendelea. Hakumuuliza mtu yeyote anaonaje. Saa ilipoisha akatoka wa kwanza.

Jumatano, 21 Aprili

Imla.

Alhamisi, 22 Aprili

Imla. Nimemwambia Baba kwamba kesho nitamwambia Mwalimu ukweli na kumwomba msamaha, hata akinipiga. Baba hakunizuia safari hii.

Ijumaa, 23 Aprili

Nilisubiri wote watoke. Mwalimu alikuwa anapanga karatasi zetu, pembe kwa pembe. Kola ile aliyogeuziwa na Baba imechanika tena.

"Prof," nikasema, "kile kitenge..."

"Ilikuwa ya muke yangu."

"Hapana, Prof. Kilikuwa..."

"Citoyenne Mawazo." Alikwenda akafunga dirisha, ingawa nje palikuwa pakavu na hakuna mtu. "Kitenge ilikuwa ya Annie. Miye nilitia saini. Yeye pia alitia saini."

Nikabaki namwangalia. Yeye alikuwa anaangalia karatasi. Alisema pole pole, kwa sauti ile ya imla.

"Siku kumi na moja nilisema sijue ni ya nani. Banauliza asubuhi, banauliza mangaribi. Nilikuwa najiambia, pengine kuko mwenye atakuja kusema ni makosa ya batoto, ni furaha tu, kiisha batacheka, batanifungulia. Nilikuwa nasikiliza mulango. Siku ya kumi na moja Annie analeta chakula, nikamwambia: choma kitenge yako ya picha, kesho nitasema ile yenye nilikanyaga ni yako. Juu balikuwa banataka jina, na majina yenu sikuweza kutoa. Yeye peke yake nilikuwa na ruhusa ya kumutaja. Niliwaza ataelewa."

"Ameelewa, Prof?"

"Alitia saini. Kiisha akapanda treni. Eko Sakania kwa wazazi yake."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nitakwenda leo, sasa hivi, niwaambie kilikuwa changu, Annie arudishiwe kazi, arudi nyumbani. Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu arudi, na macho yake yalikuwa na hofu. Ananiogopa mimi.

"Ukienda, saini ya miye na ya Annie zote ni za kudanganya. Batatukamata bote tatu, na ile mara haitakuwa ya kuuliza tu. Unasikia?"

"Nasikia, Prof."

"Basi usiseme." Akachukua karatasi zake chini ya kwapa. Hakuwa na hasira hata kidogo, hilo ndilo ninalotaka kuandika sawasawa, alisema kama anayemsifu mwanafunzi. "Haitakuwa kazi ya nguvu kwako. Kunyamaza unajua."

Akaniambia nifute ubao nikitoka. Nikaufuta.